Jina Nililoandika Kwenye Nafasi ya Baba

Mtaani kwetu Mwembesongo mimi ndiye niliyekuwa nikijazia watu fomu. Sikuwa na elimu kubwa. Niliishia darasa la saba, na mengine niliyapata kwenye vitabu vilivyotumika, vile vinavyotandazwa chini sokoni jirani na viatu vya mitumba. Lakini mwandiko wangu ulikuwa umenyooka, nilikuwa na kalamu mbili, ya bluu na nyeusi, na nilijua kwamba mahali palipoandikwa "kwa matumizi ya ofisi tu" hapaandikwi kitu. Hayo yalitosha kunipa cheo. Mtu akitaka kuomba kiwanja au kufungua sanduku la posta aliletwa kwangu, nami nilimkalisha kwenye kigoda na kumuuliza maswali kwa mpangilio.

Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani kwamba kosa nitakalolieleza lilitokana na uzembe. Lilitokana na umakini.

Dada yangu, ambaye ni mdogo kwangu kwa miaka minne, alifanya kazi kwenye mashine za kufuma katika kiwanda kimoja cha nguo. Ilikuwa miaka ile viwanda vilipoanza kuuzwa. Siku moja wafanyakazi waliitwa uwanjani wakaambiwa waende nyumbani wamsubiri mwekezaji. Hakuna aliyejua mwekezaji ni mtu wa namna gani wala angekuja na usafiri gani. Dada alimsubiri kwa nidhamu. Miezi miwili ya kwanza aliendelea kufua na kupiga pasi sare yake ya kazi kila Jumapili, halafu akaacha, akaanza kuuza vitumbua mlangoni kwetu. Tuliishi watatu katika vyumba viwili vya kupanga: yeye, mimi ambaye nilikuwa sijaoa, na binti yake wa miaka saba. Mshahara wangu wa kutunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi ndio uliolipa kodi.

Baba wa mtoto alikuwa fundi mitambo wa kiwanda hichohicho, mtu wa Kanda ya Ziwa. Mtoto alizaliwa, ndoa haikufungwa. Kwa nini haikufungwa kila upande una maelezo yake, na nimeyasikia yote mawili bila kuyaelewa. Yeye aliondoka kiwandani kabla ya wengine, akanunua mashine ya kusaga nafaka na kuifunga Kingolwira, karibu na stesheni. Watu walisema mashine hiyo haipumziki.

Mwaka ule mtoto alianza darasa la kwanza, na shule nazo zilikuwa zimeanza tena kudai michango: leo dawati, kesho mlinzi. Mara ya kwanza mtoto aliporudishwa nyumbani nililipa. Mara ya pili nilikopa. Mara ya tatu dada alimvua sare, akaitundika msumarini, akaniambia:

"Kaka, mimi nataka yule bwana amtunze mwanawe. Nimeshatuma mtu kwake mara mbili. Unajua alivyojibu? Eti, 'Mwambie mtoto akamuulize baba yake.'"

Tulilichukua jibu lile kama tusi. Nakumbuka kila mtu alilitafuna peke yake.

"Tafuta wakili," dada akasema. "Wewe si ndiye msomi?"

Neno wakili nililijua kutoka vitabuni. Sikuwahi kumwona. Jumamosi iliyofuata nilichukua daftari jipya, nikaandika juu ya ukurasa wa kwanza swali: Wakili anapatikana wapi? Nikatoka kwenda kulitafutia jibu.

Jibu la kwanza lilikuwa mzee mmoja mwenye koti na taipureta, aliyekaa chini ya mwavuli nje ya mahakama ya mwanzo. Kila mtu niliyemuuliza alinielekeza kwake, na watu waliosimama pale walimwita wakili, naye aliitika. Alinisikiliza kwa macho yaliyofumbwa, akapiga ukurasa mmoja na nusu unaoanza na "kwa heshima na taadhima" na kuishia na "nitashukuru sana". Katikati nilitafuta dai letu sikuliona, nikadhani sheria ndivyo inavyoandikwa. Nililipa, nikaingia na barua hiyo ndani kwa karani.

Karani alikuwa Mzigua, na aliposikia jina langu alijua mara moja kwamba amepata mtani.

"Barua hii kakuandikia nani?"

"Wakili, yule wa hapo nje."

Akawaita wenzake. "Jamani njooni mwone! Mluguru kashuka na mananasi yake mlimani, kapata wakili chini ya mwavuli!" Kisha akanigeukia kwa upole kidogo. "Mtani, yule ni mpiga chapa. Anaandika barua za posa na za msiba kwa bei hiyohiyo. Na hata ungemleta wakili mwenyewe wa joho, hapa haingii. Hii ni mahakama ya mwanzo. Sheria haimruhusu."

"Wakili haruhusiwi mahakamani?"

"Mahakama hii."

"Sasa anaruhusiwa wapi?"

"Wilaya, na huko juu."

"Na shauri letu ni la hapa au la huko juu?"

"Inategemea. Dada yako kaolewa na huyo mtu?"

"Hapana."

"Basi nenda wilaya." Akafikiri. "Lakini kama ni mambo ya mila, ni hapa. Halafu we mtani, mbona sikuelewi? Kwenu mtoto si wa mama na mjomba? Baba si mpita njia tu, mnampa chai anaondoka? Leo mpita njia mnamtaka alipe ya nini? Lipa wewe, mjomba!"

Wote walicheka, na mimi kwa desturi ya utani sikuwa na haki ya kukasirika. Nilimjibu kwamba Mzigua akipewa mhuri hujiona hakimu, wakacheka tena, tukaagana vizuri. Lakini nje nililifungua daftari langu. Nilikuwa nimeandika: wakili haingii, wakili anaingia, lipa mwenyewe. Na hilo la mwisho, ingawa lilikuwa mzaha, ndilo lililonikaa moyoni. Kwa kuwa ni kweli. Kwetu mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo, wa mama yake, na mwanamume anayemwamulia mambo ni mjomba. Nilikuwa nimekwenda mahakamani kudai mtu mwingine afanye kazi ambayo nilifundishwa kuwa ni yangu.

Jibu la pili nililipata baada ya wiki mbili, kwenye kibao kipya cha bati kilichoning'inia juu ya duka la vitambaa: wakili wa kujitegemea, kamishna wa viapo. Vibao vya namna hiyo vilikuwa vichache mjini, na kila kimoja kilikuwa bado kinanuka rangi. Nilipita chini yake mara tatu siku tatu tofauti. Siku ya nne nilikwenda na dada, kwa hiyo nilishindwa kupita.

Alikuwa mwanamke, mdogo kwangu kwa miaka kadhaa, aliyehamia kutoka Dar es Salaam. Jambo la kwanza lililonitatiza ni namna ya kumwita. Mimi nilikulia katika "ndugu". Hata mkuu wa mkoa alikuwa ndugu. Miaka ile neno hilo lilikuwa linakufa na hakuna aliyetutangazia msiba. Nikamwita mheshimiwa. Akasema, "Mimi niite dada tu, kaka, kaa hapo."

Niseme kweli, nilimpenda kwa namna alivyouliza. Aliuliza kama ninavyouliza mimi: mambo kwa mpangilio, jibu moja likiisha ndipo linafuata lingine. Alieleza kwamba shauri letu lilikuwa la mahakama ya wilaya, na kwamba sheria ya wakati ule ilimtaka mama ambaye hakuolewa awahi mapema, mtoto akiwa bado mchanga, isipokuwa kama baba alikwisha kutoa chochote cha matunzo katika mwaka wa kwanza.

"Alitoa chochote?"

"Blanketi," dada akasema. "La bluu. Na sabuni, na maziwa ya kopo."

"Vizuri sana. Blanketi lipo?"

"Lipo. Mtoto ndilo analojifunika."

"Vizuri. Sasa nipeni cheti cha kuzaliwa."

Hapa ndipo nilipokuwa nikipasubiri. Nilifungua mkoba, nikatoa faili, ndani ya faili nikatoa mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko nikatoa cheti cha mtoto, hakina kunjo hata moja. Watoto wengi mtaani kwetu hawakuwa na cheti. Wa kwetu alikuwa nacho tangu ana miezi mitatu, kwa kuwa mimi nilikwenda kumwandikisha. Nilikiweka mezani, nikakigeuza ili maandishi yamwelekee.

Alikisoma. Akanitazama. Akakisoma tena.

"Kaka, jina lako kamili ni nani?"

Nikamtajia.

"Na wewe ni nani kwa huyu mama?"

"Kaka yake."

"Kaka wa ukoo, au wa kuzaliwa tumbo moja?"

"Tumbo moja."

Akaweka kalamu chini taratibu, na kwa sauti ya chini kabisa akasema, "Sasa naomba mniambie bila kuficha, nami siwahukumu. Mtoto mmezaa pamoja?"

Dada alitoa sauti ambayo sijaisikia tena kwake, kama mtu aliyemwagiwa maji. Mimi sikuelewa swali. Nililirudia kichwani neno moja moja, na nilipolielewa niliangalia cheti, na pale, kwa wino mweusi wa msajili, aliyenakili kutoka fomu niliyoijaza kwa mkono wangu, kwenye nafasi iliyoandikwa "jina la baba", lilikuwa jina langu.

Ilivyokuwa ni hivi. Nilikwenda ofisi ya wilaya peke yangu, dada akiwa bado kitandani na homa. Fomu ilikuwa na nafasi ya baba. Siku hizo yule bwana na dada walikuwa wamegombana, na nilijua fomu yenye pengo hurudishwa. Karani wa pale aliniuliza, "Mwanamume anayehusika na mtoto huyu ni nani?" Nikajibu, "Ni mimi." Lilikuwa jibu sahihi. Bado naamini kwamba kwa swali lile, na kwa malezi niliyopata, hapakuwa na jibu lingine. Nikaandika herufi kubwa, moja katika kila kisanduku, nikatoka nikiwa na fahari. Dada alipokiona cheti alisoma jina la mtoto tu, akaniambia ahsante.

"Kwa cheti hiki," wakili alisema, "mtu wa kushtakiwa matunzo ya mtoto ni wewe."

Alituambia njia ilikuwapo. Ningekula kiapo kwa maandishi kwamba mimi siye baba wa mtoto, kwamba niliandika vile kwa kutofahamu. Cheti kingeombewa marekebisho. Yule bwana angeandikiwa notisi. Lakini alitutahadharisha kitu kimoja. Nafasi ile haiwezi kubaki wazi. Akitambuliwa kuwa baba ili atoe matunzo, atakuwa baba, na kwao mtoto ni wa upande wa kiume. Anaweza kuja kusema anamtaka.

"Atampata?" dada akauliza.

"Mtoto mdogo kwa kawaida hubaki na mama. Lakini siwezi kukuapia atakavyoamua hakimu. Zungumzeni kwanza na wazee wa kwenu."

Kwa hiyo Jumapili tulipanda Kinole kwa bibi yetu, mzaa mama, katika gari lililokwenda kupakia machungwa. Tulimkuta barazani akikwangua magome ya mdalasini kwa kisu kifupi. Tukamwamkia, akaitika marahaba bila kuacha kukwangua. Alizungumza Kiluguru, hapa ninayaweka maneno yake kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza. Nilimweleza kila kitu tangu mwanzo, kwa mpangilio.

"Uliandika kuwa wewe ni baba?"

"Ndiyo, bibi."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Palikuwa na nafasi."

"Palikuwa na nafasi!" Akamgeukia dada. "Kaka yako akikuta kaburi liko wazi ataingia, kwa kuwa pana nafasi." Kisha kwangu: "Baba ni mtu wa kuja. Mjomba ndiye mwenye nyumba. Ulikuwa juu, ukajishusha mwenyewe kwa kalamu. Na kusoma kote huko!"

Nilikuwa nimejiandaa kuonywa kwamba nimejipa ukubwa nisiostahili. Sikujiandaa kuambiwa kwamba nimejipunguza. Dada alikuwa anacheka, mara ya kwanza tangu siku ile ya wakili.

"Basi nikilifuta jina langu ni sawa?"

"Lifute hata leo."

"Na akija kusema mtoto ni wake?"

"Si wake? Nani kakataa? Mjukuu wangu hakujipa mimba."

"Bibi, nauliza kama atamchukua."

"Amchukue ampeleke wapi? Shamba lake liko pale." Akaonyesha kwa kisu mteremko wa ng'ambo, migomba na minanasi, kipande cha ardhi ya ukoo ambacho kingemfikia mtoto kupitia kwa mama yake, na ambacho jina lolote la baba lisingekigusa.

"Kanda ya Ziwa ni mbali, bibi. Watu huchukua watoto wakaenda nao."

Kisu kikasimama. Alimtazama mtoto, ambaye alikuwa chini uani akipanga magome yaliyokwanguliwa, marefu upande huu, mafupi upande ule. Nilijua alikoipata tabia ile.

"Hilo sasa," bibi akasema polepole, "kamuulizeni huyo mwanamke wenu wa sheria. Mimi Ziwa sijaliona."

Tukashuka. Wakili alituelekeza kwa wazee, na wazee wakaturudisha kwa wakili, na swali bado lilikuwa mikononi mwetu. Tulikuwa tumekaribia mjini. Ndipo dada aliposema, "Mtoto hawezi kurudishwa kutoka shule mara ya nne. Mwambie huyo wakili aendelee." Niliuza baiskeli yangu kulipa malipo ya mwanzo, na notisi ikapelekwa Kingolwira.

Nilitegemea mtu mkali. Alikuja ofisini kwa wakili siku iliyotajwa, saa iliyotajwa, amevaa shati safi, lakini unga ulikuwa bado umemkaa kwenye nyusi. Alimsalimu dada, kisha mimi, na kwangu aliongeza, "Habari za siku nyingi, baba mtoto."

Wakili aliinua mkono ili asiendelee. Lakini alikuwa hafanyi mzaha. Alisema, akimwambia wakili kana kwamba sisi hatukuwapo:

"Mimi blanketi nilileta. Nilileta na maziwa. Mtoto alipofikisha mwaka nikataka kumwandikisha kiwandani miongoni mwa watu wangu, atibiwe kwenye zahanati ya kiwanda. Wakataka cheti. Nikaona nikimwomba mama yake atanifukuza, nikaenda mwenyewe ofisi ya wilaya. Wakanionyesha. Baba yupo, ameandikwa. Nikarudi nikawauliza wenzangu kazini, wale wa huku, wakaniambia, 'Wewe, kwa Waluguru mwanamume hana mtoto, ndio wamekwambia hivyo.' Nikaona ukoo umekaa kikao ukaamua. Ningefanya nini? Nikarudi nyuma."

"Ungeuliza!" dada akasema.

"Nimuulize nani? Wewe ulikuwa unanifungia mlango."

"Miaka sita, mwanamume mzima, umezuiwa na karatasi?"

"Karatasi yenye mhuri, mama."

Nilikuwa nimekuja na orodha ya makosa yake, imepangwa vizuri kwenye daftari. Sikuifungua. Sikujua kama alisema kweli. Inawezekana alikuta karatasi ile ikamfaa, akajificha nyuma yake, kama mtu anavyoikaribisha mvua siku asiyotaka kwenda shamba. Inawezekana pia kwamba mtoto alikosa zahanati, viatu na baba kwa miaka sita kwa sababu mimi nina mwandiko mzuri. Nilimtazama wakili aniambie ni lipi. Yeye akasema tu, "Hayo hayaingii kwenye faili. Tuzungumze matunzo."

Bwana yule alikubali kila kitu isipokuwa jambo moja: alitaka jina lake liwe kwenye cheti, na mtoto alitumie shuleni. Kabla hajamaliza, dada alisema, "Jina chukua. Mtoto anabaki kwangu. Andika hivyo, dada wakili, andika sasa hivi kabla hajabadilika." Akaandika. Bwana akasoma mara mbili, mahali paliposema mtoto ataishi na mama yake akapawekea kidole, kisha akatia sahihi. Sikuona usoni mwake alikuwa anafikiri nini. Wakili alisema makubaliano yale angeyapeleka mahakamani yasajiliwe, na kwamba hapangekuwa na kesi.

Kiapo changu nilikila mbele ya kamishna mwingine, kwa kuwa wakili alisema yeye hawezi kumwapisha mteja wake mwenyewe. Kilikuwa na aya saba. Ya tatu ilisema: "Kwamba mimi siye baba wa mtoto huyo." Nimejaza fomu nyingi maishani, na ile ndiyo pekee iliyonitaka niandike nisivyokuwa. Ya nne ilisema mimi ni mjomba wake. Nilimuuliza kamishna kama aya ya nne ingeweza kutangulia ya tatu. Akaniuliza kwa nini. Sikuwa na sababu ya kisheria, kwa hiyo ikabaki ilivyo.

Mwisho wa mwezi gunia dogo la unga lilifika kutoka Kingolwira kwa baiskeli, na pamoja nalo bahasha ya michango ya shule, ambayo niliipeleka kwa mwalimu siku ileile. Unga ulikuwa sembe, mweupe kama chokaa. Sisi tulikuwa tunakula dona. Makubaliano yalisema "unga wa kumtosha mtoto huyo". Niliyasoma tena kuhakikisha. Hayakutaja mama wala mjomba. Na maneno ya yule karani mtani yalikuwa bado yananizunguka, na ya bibi, kwamba mjomba ndiye mwenye nyumba: mwenye nyumba hali chakula cha mtu wa kuja. Basi nikaandika jina la mtoto kwenye gunia kwa kalamu nyeusi, nikaliweka chumbani kwangu, na kila jioni nikampimia dada kopo moja.

Dada alivumilia siku tisa. Alipika ugali mara mbili, wetu kwenye sufuria kubwa, wa mtoto kwenye kisufuria cha chai. Mtoto alikula wake mweupe akitutazama sisi tunavyomega pamoja. Siku ya tano niligeuka kuchukua maji, na niliporudi nilikuta tonge jeupe kwenye sahani yangu. Nikalirudisha. Siku ya sita yakawa mawili.

Siku ya kumi nilipanda ngazi kwa wakili.

"Ndiyo, kaka. Kimetokea nini? Amekataa?"

"Hapana. Nataka kujua kama kisheria mimi na mama yake tunaruhusiwa kula unga wa mtoto."

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko siku ile ya cheti. "Umepanda ngazi kuniuliza hilo?"

"Ndiyo."

"Mnaishi nyumba moja, jiko moja?"

"Ndiyo."

"Basi pikeni."

"Naomba uniandikie."

Akacheka hadi akavua miwani, akasema, "Kaka yangu, hilo si la wakili," akanisindikiza mpaka mlangoni.

Nilirudi nyumbani nikiwa sina jibu la maandishi. Dada alikuwa uani, gunia liko tupu miguuni pake, na mbele yake lilikuwa debe letu la unga limejaa mpaka juu. Alikuwa ameingiza mkono wote ndani, anachanganya, sembe na dona, mpaka rangi zimekuwa moja.

"Sasa tenganisha," akaniambia, akaingia jikoni.

Nilisimama na kopo langu. Mtoto aliingia kutoka shule, mkoba begani, akaweka viatu vyake sambamba kizingitini.

"Mjomba, leo mwalimu ameniita kwa jina jipya. Alisoma mara mbili, mimi nikanyamaza, nikadhani ni mtu mwingine."

"Halafu?"

"Mara ya tatu nikaitika."

Akachukua kopo mkononi mwangu, akachota nalo unga uliochanganywa, akampelekea mama yake jikoni.